Pasipoti Kwanza, Nauli Baadaye

Binamu yangu alikuwa na viza ya Kanada ndani ya pasipoti, barua ya chuo, koti zito la kuazima na masanduku mawili tuliyoyapima kwa mizani ya bucha la mtaani. Tulikwenda watu kumi na mmoja kumsindikiza hadi jengo la tatu la Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere. Baada ya nusu saa kwenye kaunta akarudi kwetu na masanduku yake yote mawili. Tiketi aliyouziwa na wakala ilipita Amsterdam, kisha Paris, kisha Montreal. Mtanzania anaruhusiwa kukaa ndani ya uwanja wa Amsterdam bila viza akisubiri ndege ya kutoka Ulaya. Lakini Amsterdam na Paris zote ziko ndani ya eneo la Schengen, na safari kati yao huhesabiwa kama safari ya ndani, kama vile Dar kwenda Mwanza. Ili apande ndege ya pili ilimpasa apite kwa maofisa wa uhamiaji wa Uholanzi na kuingia Schengen rasmi, na viza ya Schengen hakuwa nayo. Tulikuwa tumefurahi kuokoa kama laki mbili kwenye nauli.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza shirika gani la ndege linafaa, nami humuuliza pasipoti yake ni ya wapi. Nauli mbili zinaweza kulingana hadi senti, na moja kati ya hizo wewe huwezi kuitumia. Tovuti za kutafutia tiketi hazijui wewe ni nani. Mjerumani na Mkongo huonyeshwa orodha ileile, rahisi juu na ghali chini. Kuchuja ni kazi yako.

Wengi huamini kwamba anayeamua ni ofisa wa uhamiaji kule uendako. Huyo ni wa mwisho. Wa kwanza ni kijana wa kaunta hapahapa nyumbani, anayeingiza uraia wako na viwanja utakavyopitia kwenye mfumo uitwao Timatic, hazina ya kanuni za kuingia na kupita nchini inayoendeshwa na IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani. Mfumo ukisema huruhusiwi, hakupi pasi ya kupandia ndege. Kumbembeleza hakusaidii, maana shirika likikubeba bila nyaraka hulazimika kukurudisha, na nchi nyingi hulitoza faini juu yake. Uingereza hutoza pauni 2,000 kwa kila abiria. Kwa hiyo usiridhike na kauli ya wakala kwamba njia hiyo haina shida. Mwambie akuonyeshe Timatic inasema nini kuhusu pasipoti yako na njia hiyo, kabla hujalipa. Mashirika mengi pia yameweka taarifa hizohizo kwenye tovuti zao, unajaza mwenyewe uraia na viwanja.

Kupita tu nako kuna masharti

Chukua karatasi, andika kila uwanja ambao ndege yako itatua, hata kama ni kwa saa moja. Halafu uutazame kila mmoja kwa macho ya pasipoti yako.

Nchi za Schengen zina orodha ya pamoja ya mataifa 12 ambayo raia wake huhitaji viza hata ya kukaa ndani ya uwanja tu. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo, Ethiopia na Somalia zimo. Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha hiyo ya pamoja, ingawa nchi mojamoja inaweza kuongeza majina yake. Mtu wa Bukavu na mtu wa Kigoma wanaweza kukaa viti vya jirani, wakielekea Brazil kupitia Amsterdam, wakiongea Kiswahili njia nzima, mmoja akiwa amelazimika kuomba viza ya uwanjani na mwenzake hakuombwa chochote. Mkongo huyo akiwa na viza hai ya Marekani, Kanada au Japani, sharti hilo humwondokea. Mambo ya namna hii hayaonekani kwenye bei.

Uingereza inatubana zaidi. Watanzania, Wakenya, Waganda, Wanyarwanda, Warundi na Wakongo wote wanatakiwa kuwa na viza ya kupita hata kama hawatavuka mlango wa uhamiaji wa Heathrow, isipokuwa walio na nyaraka fulani, kwa mfano viza hai ya Marekani, Kanada, Australia au New Zealand. Ukiona nauli nzuri ya kupitia London na huna mojawapo ya hizo, jumlisha ada ya viza na wiki za kusubiri. Mara nyingi unafuu unayeyuka hapohapo.

Ndiyo maana njia za Dubai na Doha zina wateja wengi kutoka kwetu. Ukibaki ndani ya uwanja kusubiri ndege inayofuata, viza haihitajiki. Ukitaka kutoka Dubai kulala au kuzunguka mjini ni habari nyingine: zipo viza za kupita, ya saa 48 isiyolipiwa ada na ya saa 96 kwa dirhamu 50, lakini huombwa mapema kupitia mashirika ya ndege ya huko, si ukishafika. Istanbul kuna ziara ya bure ya mjini ambayo Turkish Airlines huwapa abiria wanaosubiri saa nyingi. Inapendeza kwenye tangazo, ila Mtanzania na Mkenya wanahitaji viza ya Uturuki ili kutoka nje, kwa hiyo ziara hiyo usiihesabu kama sehemu ya thamani ya tiketi yako mpaka uwe na viza mkononi.

Na ukisikia kwamba China inaruhusu wapitaji kukaa siku kumi bila viza, ni kweli, ila orodha ya nchi zinazofaidika, iliyofikia 55 mwaka 2025, haina hata nchi moja ya Afrika. Sisi tunabaki na ruhusa ya saa 24 kwa anayeunganisha kwenda nchi ya tatu akiwa na tiketi ya mbele.

Kuna mtego mmoja ambao huwanasa hata wazoefu: tiketi mbili zilizonunuliwa kando. Unaona Dar–Mumbai kwa bei ya chini, na Mumbai–Bangkok kwa bei ya chini zaidi, unazishona mwenyewe. Kwa tiketi moja, mzigo hupitiliza mpaka mwisho na ndege ya kwanza ikichelewa shirika linakutafutia nyingine. Kwa tiketi mbili, Mumbai ndiyo mwisho wa safari yako ya kwanza. Sanduku lako litatokea kwenye mkanda wa mizigo, upande wa pili wa uhamiaji, na kulifuata ni kuingia India, yaani viza ya India. Ukichelewa, tiketi ya pili imekufa, na hakuna wa kumlaumu. Ukiona bei inayoshangaza, tafuta kwenye maelezo kama kuna neno la kukutaka ujiunganishie mwenyewe. Likiwepo, ongeza gharama ya viza ya njiani na ya usiku mmoja wa hoteli, kisha ulinganishe upya.

Safari ya Guangzhou

Tuchukue safari ambayo Kariakoo inaijua kuliko nyingine yoyote. Mfanyabiashara anatoka Dar es Salaam kwenda Guangzhou, labda kwa Maonyesho ya Canton ya Aprili au Oktoba, labda kwa maduka ya jumla tu. Anaweza kwenda moja kwa moja na Air Tanzania kwa Boeing 787. Anaweza kupita Addis Ababa na Ethiopian, Nairobi na Kenya Airways, Dubai na Emirates, au Doha na Qatar Airways.

Ndege ya moja kwa moja inaondoa suala zima la kupita. Hakuna uwanja wa kati, hakuna mzigo wa kupotea katikati, na mama asiyejua Kiingereza hana wasiwasi wa kutafuta lango Dubai usiku wa manane. Kasoro yake ni ratiba. Hairuki kila siku, na safari ikiahirishwa huna ndege nyingine saa tatu baadaye. Shirika lenye safari nyingi kwa wiki linaweza kukupandisha kesho yake, au kukupitisha njia nyingine. Kama una miadi ya kiwanda isiyosogea, mimi ningelipa zaidi kwa ajili ya wingi wa safari. Kama unaweza kukaa siku mbili za ziada bila hasara, ningekwenda moja kwa moja.

Kisha mizigo, ambayo kwa mfanyabiashara ndiyo nauli yenyewe. Mashirika huhesabu kwa namna mbili: kwa jumla ya kilo, au kwa vipande. Ukipewa vipande viwili vya kilo 23, usidhani una kilo 46 za kugawa upendavyo. Ukiwa na begi la kilo 30 na lingine la 16, utatozwa kwa lile la 30. Na begi moja likizidi kilo 32, kwa kawaida halipokelewi kabisa, hata ukitoa pesa. Soma kilichoandikwa kwenye tiketi yako mwenyewe, sehemu ya kwenda na sehemu ya kurudi, kwa sababu nauli ya chini kabisa ya shirika hilohilo inaweza kuwa na kipande kimoja au isiwe na chochote. Ukitaka kujua nauli ipi ni rahisi kweli, jumlisha bei ya begi la ziada la kurudia kabla ya kulinganisha. Mara kadhaa nimeona tiketi ya tatu kwa bei ikawa ya kwanza kwa unafuu baada ya hesabu hiyo.

Pawabenki haziingii kwenye sanduku la tumboni mwa ndege. Zibebe mkononi, na zenye uwezo wa chini ya Wh 100 hazina mgogoro. Ukiwa na safari ya ndani ya China, mathalani Guangzhou kwenda Yiwu, jua kwamba tangu tarehe 28 Juni 2025 pawabenki isiyo na alama ya 3C, ile ya uthibitisho wa China, hairuhusiwi kwenye ndege za ndani. Watu wengi hupokonywa pale kwenye ukaguzi.

Muda wa kuunganisha usiuangalie kwa hamu ya kufika haraka. Saa moja na robo Addis ni halali kwenye mfumo, lakini ndege ikitoka Dar kwa kuchelewa dakika arobaini utakimbia, na hata ukiwahi wewe, sanduku lako huenda lisiwahi. Mimi huchagua saa mbili na nusu mpaka nne. Kukaa muda mrefu sana nako kuna gharama isiyoonekana. Nchi kadhaa humdai kadi ya homa ya manjano msafiri aliyekaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, na Ethiopia na Kenya zimo. Chanjo huanza kutambuliwa siku ya kumi baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 cheti chake hakiishi muda, ni cha maisha. Chanja leo, ibandike kadi kwenye jalada la pasipoti, usahau.

Wasafiri wa mara kwa mara wachague familia moja ya mashirika ili pointi zikusanyike mahali pamoja. Ethiopian, Turkish na EgyptAir wako Star Alliance. Kenya Airways na KLM wako SkyTeam. Qatar Airways wako oneworld, na Oman Air walijiunga nao katikati ya 2025. Emirates wako peke yao. Kwa anayesafiri mara moja kwa miaka mitatu, pointi ni hadithi, aziache.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi kamwe ni haki zako ndege ikichelewa. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inamlinda kila abiria anayeondoka kwenye uwanja wa Umoja huo, kwa shirika lolote. Lakini anayekwenda Ulaya kutoka kwetu hulindwa tu kama ndege inayomrusha ni ya shirika la Umoja wa Ulaya. Ndege ya KLM ikikufikisha Amsterdam kutoka Dar kwa kuchelewa saa nne au zaidi, kwa sababu iliyo ndani ya uwezo wao, fidia ni yuro 600. Ukienda Amsterdam kupitia Ghuba au Istanbul kwa mashirika ya huko, huna dai hilo. Wakenya waangalie zaidi: safari yenye namba ya Kenya Airways inaweza kurushwa na KLM, na kinyume chake. Linalohesabika ni anayerusha, si namba iliyo kwenye tiketi. Jina la mrushaji huandikwa kwa herufi ndogo chini ya namba ya safari.

Ukishalipa, usiridhike na ile karatasi yenye herufi sita. Hiyo ni nafasi tu, na nafasi hufutika. Dai namba ya tiketi, tarakimu 13, na tatu za mwanzo hutaja shirika: 071 ni Ethiopian, 176 Emirates, 157 Qatar, 235 Turkish, 074 KLM, 706 Kenya Airways. Ingia kwenye tovuti ya shirika lenyewe uangalie. Kama wakala amechukua pesa na namba hiyo haipo baada ya siku moja, tiketi haijakatwa.

Viza yenyewe

Viza ya China ina vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kuna tarehe ya mwisho ya kuingia, na kuna idadi ya siku za kukaa kila unapoingia. Viza inayosema uingie kabla ya tarehe 30 Juni, siku 30 za kukaa, inakuruhusu kuingia tarehe 28 Juni na kukaa mpaka Julai. Zaidi ya hivyo viwili, kuna idadi ya mara za kuingia. Wafanyabiashara wa Guangzhou wanaona Hong Kong iko karibu, treni ni ya muda mfupi, wanakwenda kutembea Jumapili. Hong Kong na Macau zina uhamiaji wao. Kutoka kwenda huko ni kutoka China bara, na kama viza yako ni ya kuingia mara moja, imekwisha. Begi liko hotelini Xiaobei, kulekule Guangzhou, na wewe uko mpakani. Ukilala kwa rafiki badala ya hoteli, jiandikishe polisi ndani ya saa 24. Hoteli hukufanyia hilo yenyewe.

Kwa Schengen, peleka maombi kwenye ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, si ule wenye sifa ya upole. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, bima ya safari isipungue yuro 30,000, pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi na ibaki hai miezi mitatu baada ya kutoka. Hesabu ya siku 90 ndani ya 180 hurudi nyuma: kila siku unayokuwa huko, angalia siku 180 zilizopita. Zamani mihuri ilifutika na ofisa akachoka kuhesabu. Tangu Oktoba 2025 mipaka yao imeanza kutumia mfumo wa kompyuta wa kuandikisha kuingia na kutoka, nao hauchoki.

Ubalozi ukikutaka uonyeshe mpango wa safari, omba nafasi iliyoshikiliwa, usinunue tiketi isiyorudishwa. Na stetimenti ya benki ionyeshe maisha yako ya kawaida. Milioni kumi zilizoingia Jumatatu kwa maombi ya Jumatano huzua maswali kuliko milioni mbili zilizokuwepo mwaka mzima.

Kanuni hubadilika katikati ya maandalizi. Marekani, kwa mfano, Oktoba 2025 iliiingiza Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo mwombaji wa viza ya matembezi au biashara anaweza kutakiwa kuweka dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000, na Desemba mwaka huohuo ikaiwekea vizuizi vya kuingia. Angalia siku unayoomba, siku unayokata tiketi, na tena siku tatu kabla ya kuruka.

Majina nayo yana visa vyake. Mohamed wa tiketi na Mohammed wa pasipoti ni watu wawili kwa kompyuta. Bibi harusi aliyebadili jina asafiri na jina lililo kwenye pasipoti, hata kama mumewe atanuna.

Kisha saa. Ndege nyingi za kwetu huondoka usiku. Tiketi inayosema tarehe 14, 03:25, ni saa tisa na dakika ishirini na tano usiku wa kuamkia tarehe 14. Unatakiwa kuwa uwanjani jioni ya tarehe 13, baada ya chakula cha usiku. Sisi tunaohesabu usiku kwa siku inayofuata tungepaswa kuwa hodari wa hili, lakini kila mwezi kuna mtu anayefika tarehe 14 saa nne usiku, na wasindikizaji, na maua. Andika kwa mkono, kwa Kiswahili, kwenye karatasi, uibandike kwenye jokofu.

Ukirudi na mzigo usitokee kwenye mkanda, usitoke nje ya ukumbi. Nenda kwenye kaunta ya mizigo ukajaze fomu ya mzigo uliopotea, ubaki na nakala yenye namba. Kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, dai la kilichoharibika lipelekwe kwa maandishi ndani ya siku 7, na la mzigo uliochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Piga picha ya sanduku kabla ya kuondoka, likiwa limefunguliwa na likiwa limefungwa. Kibandiko kidogo cha mzigo ulichopewa kwenye kaunta usikitupe na karatasi za peremende.